Pima Sloti Kabla ya Kutuma Pesa ya Kadi

 

Mazungumzo yetu leo ni ya kompyuta. Nazungumzia ile kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ng'ambo, ikaja kwetu, mtu akainunua kwa bei nafuu, akaiongezea diski za kuhifadhia (hadi diski) mbili tatu na kuiweka kwenye kona ya chumba ihifadhi kazi zake. Humo anaweka picha, video, hesabu za duka, mitihani ya shule. Mashine ya namna hiyo huitwa seva ya kuhifadhia. Huachwa imewaka mchana na usiku, ikipokea mafaili kutoka kompyuta na simu za nyumba nzima, na kuyatoa yanapohitajika. Programu zake zinapatikana bure. Ipo TrueNAS, ipo OpenMediaVault, na zote zinakubali kompyuta ya kawaida.

Tatizo huanza siku mwenye seva anapoona mwendo hautoshi, akashauriwa anunue kadi ya mtandao yenye kasi zaidi. Kadi hiyo mara nyingi haipo Bariadi, huku kwetu Simiyu. Anaagiza Mwanza au Kariakoo, pesa inatumwa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Kadi inafika, haiingii kwenye kompyuta. Au inaingia, kompyuta haiitambui. Au inatambuliwa vizuri kabisa, lakini kasi inabaki ileile ya jana. Mtu wa Dar es Salaam akikosea hivyo, anapanda daladala na kuirudisha dukani. Mtu wa Simiyu analipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, anasubiri siku kadhaa, na anabishana kwa simu na muuzaji ambaye hajawahi kumwona. Ndiyo maana nasema sisi wa huku tuna haja zaidi ya kupima kabla ya kununua kuliko wenzetu wanaokaa jirani na maduka.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili linanigusa. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba. Msimu wa kuuza ukifunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, pesa huingia vijijini, na harusi na ngoma hufuata. Mpiga video wa Bariadi anatoka harusi moja anaingia nyingine. Akirudi nyumbani usiku ana memori kadi zilizojaa, na asubuhi anazihitaji zikiwa tupu. Kama kuhamisha video kunachukua saa nzima na zaidi kwa kila kadi, atafanya nini? Atahamisha nakala moja tu, mahali pamoja, halafu atafuta kadi aende kazini. Hadi diski ile ikifa, harusi ya watu imekwenda. Na kama siku hiyo alikuwa amerekodi mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, hicho kilichopotea ni mali ya Wasukuma wote.

Mwaka 1950, mkusanya muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akanasa muziki wa makabila mengi, Wasukuma wakiwamo. Muziki ule unasikika hadi leo kwa sababu aliutafutia mahali pa kuutunza, maktaba ya muziki wa Kiafrika ya ILAM huko Afrika Kusini, aliyoianzisha mwaka 1954. Leo kila kijiji chetu kina simu ya kurekodi. Kilichopungua ni mahali pa kutunza, na subira ya kuhamisha. Kwa hiyo ninapozungumzia kasi ya kadi ya mtandao, nazungumzia jambo linaloamua kama nakala ya pili itatengenezwa au itaahirishwa mpaka isitengenezwe kabisa.

Tufanye hesabu pamoja. Kasi ya mtandao huandikwa kwa megabiti, ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kadi ya zamani ya megabiti 100 kwa sekunde, kwa vitendo, inapitisha megabaiti kama 11 kwa sekunde. Memori kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa itachukua zaidi ya saa moja na nusu. Kadi ya gigabiti moja inapitisha megabaiti kama 110, na kazi hiyohiyo inakwisha kwa dakika kama 10. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kutoka saa moja na nusu hadi dakika 10.

Juu yake kuna kadi za gigabiti 2.5, ambazo kiwango chake kilipitishwa mwaka 2016, kisha zipo za gigabiti 10. Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu mtu huona namba kubwa kwenye boksi akaamini anainunua kasi yote iliyoandikwa. Kasi utakayoipata inategemea sloti, draiva, hadi diski, waya na swichi. Kimoja kikiwa kidogo, vingine vyote vitashuka kukifuata.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Ukifungua kava utaona ubao mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi. Karibu na ukuta wa nyuma kuna vifereji virefu vya plastiki vilivyopangwa sambamba. Hivyo ndivyo sloti. Kompyuta za zamani sana zina sloti za PCI, zilizoanza mwaka 1992. Sloti zote za aina hiyo hugawana kasi moja, megabaiti 133 kwa sekunde, ambayo kadi moja ya gigabiti inaweza kuimaliza karibu yote. Ukikuta kompyuta yenye sloti hizo peke yake, usiigharamie. Tafuta nyingine.

Kompyuta za miaka ya karibuni zina PCI Express. Kadi ya PCI haiingii kwenye PCI Express, wala hii haiingii kwenye ile. Usijaribu kulazimisha. PCI Express huhesabiwa kwa njia, kama barabara: kuna sloti ya njia 1, ya njia 4, ya njia 8 na ya njia 16, na mafundi huandika x1, x4, x8, x16. Kila kizazi cha PCI Express kiliongeza mwendo wa kila njia. Kizazi cha kwanza kilipitisha megabaiti 250 kwa sekunde kwa kila njia, cha pili 500, cha tatu karibu 1000.

Kuna kanuni tatu hapa, msikilizaji. Kama una kalamu, ziandike.

Ya kwanza: kadi ndogo inaingia kwenye sloti kubwa na kufanya kazi. Kadi ya x1 utaichomeka kwenye sloti ya x4, x8 au x16 bila shida. Kadi kubwa haiingii kwenye sloti ndogo, isipokuwa sloti hiyo iwe wazi upande wa nyuma. Usichukue msumeno kukata sloti. Nimewasikia mafundi wakishauri hivyo, nami nakuomba usithubutu kwa kompyuta inayobeba kazi za watu.

Ya pili: urefu wa sloti hausemi ukweli wote. Kuna sloti yenye urefu wa x16 ambayo ndani yake imeunganishwa njia 4 tu. Jicho litakudanganya. Ukweli uko kwenye kitabu cha mazabodi, na pengine umeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa sloti yenyewe.

Ya tatu: vizazi vinaelewana, lakini kwa mwendo wa aliye mdogo. Kadi ya kizazi cha pili ukiiweka kwenye sloti ya kizazi cha tatu, itakwenda kwa mwendo wa kizazi cha pili.

Nitoe mfano wa kompyuta ambayo wengi wetu tumewahi kuiona, Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile nyembamba ya kulaza mezani. Tayari ina mtandao wa gigabiti moja kwenye mazabodi. Ndani ina sloti mbili zenye urefu wa x16. Moja ina njia 16 kweli, nyingine ina njia 4 za kizazi cha pili. Njia 4 mara megabaiti 500 ni megabaiti 2000 kwa sekunde. Kadi ya gigabiti 10 yenye tundu moja inahitaji megabaiti 1250 ikienda mbio zake zote, kwa hiyo inatosha. Kadi ya matundu mawili, kama Intel X520 iliyotengenezwa kwa njia 8, nayo itachomeka na kufanya kazi, lakini matundu yote mawili yakivuta kwa pamoja yatahitaji megabaiti 2500, na sloti haina. Umelipia matundu mawili, unatumia moja na ushee.

Kompyuta hiyohiyo ina jambo lingine linalowakwamisha watu. Kwa kuwa ni nyembamba, sloti zake zinapokea kadi fupi tu. Kadi nyingi huja na bati refu mgongoni, na ukilichomeka hilo kava halifungi. Wauzaji wazuri huweka bati fupi ndani ya boksi, unalibadilisha kwa skrubu mbili. Kabla hujatuma pesa, uliza: bati fupi lipo? Hilo peke yake limewakwamisha wengi.

Halafu kuna swali la nani akae wapi. Mwenye seva kubwa huhitaji pia kadi ya kuongezea hadi diski, kama zile za LSI za njia 8. Sasa una kadi mbili na sloti mbili. Kadi ya diski ipe sloti yenye njia nyingi, kwa sababu diski nyingi zikisomwa kwa pamoja hutumia njia hizo kweli. Kadi ya mtandao ipe iliyobaki, baada ya kuhakikisha njia zake zinatosha. Na kwenye mazabodi za siku hizi soma kitabu kwa makini zaidi, kwa sababu zipo ambazo ukijaza sloti fulani, au ukichomeka diski ya M.2, baadhi ya matundu ya SATA, yale ya kuchomekea hadi diski, yanazimika. Mtu anaongeza kadi, diski inapotea kwenye orodha, anadhani imekufa. Haijakufa. Imenyang'anywa njia.

Tukiacha sloti, tunafika kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. Kadi iliyokaa vizuri kwenye sloti bila draiva ni chuma tu. Kadi nyingi za gigabiti 2.5 zinazouzwa kwa bei nafuu hutumia chipu ya Realtek RTL8125. Kiini cha Linux kilianza kuikubali chipu hiyo katika toleo la 5.4 la mwaka 2019. Kwa hiyo kama seva yako inatumia mfumo wa Linux wa zamani kuliko hapo, kadi mpya haitaonekana mpaka uboreshe mfumo au uweke draiva kwa mkono. TrueNAS ya asili, iliyojulikana kama FreeNAS, imejengwa juu ya FreeBSD, na watumiaji wake kwa miaka mingi wamezipendelea kadi za Intel kwa sababu draiva zake huko ni imara. Toleo la TrueNAS lililojulikana kama SCALE limejengwa juu ya Linux. Ujue kwanza seva yako inaendeshwa na mfumo gani, kisha umuulize muuzaji jina la chipu. Usiridhike na jina la kampuni lililochapwa kwenye boksi. Na angalia, kadi bandia zenye jina la Intel zipo sokoni. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, jiulize kwa nini.

Kadi za gigabiti 10 zilizotolewa kwenye seva za makampuni huko nje zinauzwa kwa bei ya kuvutia, nami sizipingi. Lakini zina masharti. X520 ya Intel hutumia moduli za SFP+, yaani vipande vya kuchomekea waya kwenye tundu la kadi, na huchagua. Moduli isiyo kwenye orodha yake, kadi inaweza kuikataa. Tena, kadi hizo zilitengenezwa kwa seva zenye feni kali zinazovuma muda wote. Ukiiweka kwenye kompyuta nyembamba, ndani ya chumba cha bati, Oktoba, na vumbi la Bariadi likiwa limeziba matundu ya hewa, itachemka na kuanza kukatakata mtandao. Za waya wa shaba, kama X540, zinaweza kula zaidi ya wati 10. Wati 10 usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 7.2 za LUKU kila mwezi, kwa kadi peke yake.

Suala hili la umeme si dogo kwa kanda yetu. Jirani zetu wa Bunda na Serengeti, mkoani Mara, waliwahi kuwa uwanja wa mradi wa mtandao wa vijijini wa ICT4RD, ulioshirikisha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha KTH cha Sweden, ukatumia nyuzi za mkongo zilizokuwa kwenye njia za umeme za TANESCO. Amos Nungu, aliyeandika tasnifu yake KTH mwaka 2011 kutokana na mtandao ule, alichunguza na wenzake namna ya kuipatia umeme mitambo ya mawasiliano katika maeneo kama yetu. Wahandisi wale waliuweka umeme kati ya maswali makuu. Nasi nyumbani tufanye hivyo. Seva iwe na UPS, na kila kadi unayoongeza uiulize inakula wati ngapi.

Baki nami kidogo, kwa sababu bado kuna vitu vitatu nje ya sloti vinavyoweza kuifunga kasi yako.

Kwanza ni hadi diski. Hadi diski moja ya kawaida, ile inayozunguka, husoma na kuandika megabaiti kama 150 hadi 200 kwa sekunde kwa faili kubwa. Kadi ya gigabiti 10 inaweza kupitisha mara sita ya hapo. Ukiwa na diski moja, kadi hiyo itakaa ikisubiri. Hata ya gigabiti 2.5 itasubiri kidogo.

Pili ni swichi, au ruta. Kama ruta uliyopewa na kampuni ya mtandao ina matundu ya megabiti 100, hakuna kadi duniani itakayokuvusha hapo. Badilisha swichi kabla ya kadi.

Tatu ni waya. Sokoni kuna waya wa mtandao ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na muuzaji anakwambia ni Cat 6. Ukiukwangua kwa kisu, ndani yake ni mweupe. Waya wa shaba halisi ni mwekundu hadi katikati. Cat 5e ya shaba halisi inabeba gigabiti moja, na hata 2.5, hadi mita 100. Hiyo inamtosha karibu kila mtu anayenisikiliza.

Sasa nikupe utaratibu wa kufuata, kwa mpangilio, kabla shilingi haijatoka mfukoni.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kava. Piga picha sloti zote kwa simu, ukiwa karibu, ili maandishi ya pembeni yasomeke. Kisha tafuta jina kamili la mazabodi au la kompyuta. Dell huweka namba yake kwenye kibandiko, na kwenye Windows programu ya CPU-Z inaonyesha jina la mazabodi bila kufungua kitu. Kwa jina hilo tafuta kitabu chake, usome kila sloti ina njia ngapi na ni ya kizazi gani. Pima nafasi: bati refu au fupi? Angalia mfumo wa seva na umri wake. Halafu mtumie muuzaji maswali manne kwa maandishi: chipu gani, njia ngapi, kizazi gani, bati fupi lipo au halipo. Asiyeweza kuyajibu usimtumie pesa.

Kadi ikifika na ukaichomeka, usiishie kufurahia taa inayowaka. Kwenye Linux amri ya lspci yenye v mbili (lspci -vv), ukiitoa ukiwa na haki za msimamizi, inaonyesha kadi imepata njia ngapi na mwendo gani. Kisha hamisha faili kubwa, tazama saa. Kama gigabaiti 64 kwa gigabiti moja zimechukua nusu saa, kuna kitu kinavuta nyuma, na sasa unajua pa kutafuta.

Nina ombi kwa mafundi wetu wa Bariadi na Maswa. Mteja akija kuuliza kadi, mwombeni kwanza picha ya sloti. Dakika tano za kuitazama zitamwokolea nauli na zitawajengea ninyi jina. Na wauzaji wa Mwanza na Kariakoo, andikeni kwenye matangazo yenu chipu, njia na kizazi, kama mnavyoandika bei.

Kwako mwenye studio, mwalimu, mwenye duka: kama kompyuta yako tayari ina gigabiti moja kwenye mazabodi, kama zilivyo nyingi za miaka kumi na mitano iliyopita, huenda huhitaji kadi kabisa. Unahitaji swichi ya gigabiti, waya wa shaba, na hadi diski ya pili ya kuwekea nakala, ikae nyumba nyingine. Diski mbili ndani ya seva moja haziwezi kukuokoa na moto wala mwizi. Kama ni lazima uongeze kadi, kwa wengi ya gigabiti 2.5 ya njia 1, kwenye sloti ya kizazi cha pili kwenda juu, inatosha na haitakuchemshia chumba. Gigabiti 10 mwachie mwenye diski nyingi na watu kadhaa wanaohariri video kwa wakati mmoja. Pesa utakayookoa kwa kutonunua namba kubwa, nunulia diski ya nakala ya pili, uijaze kabla ya harusi inayofuata.